Mgeni wa Siku ya Mwisho

Unguja, 11 Machi 2024

Kwa Shangazi Sperancia,

Shikamoo Shangazi. Naomba barua hii ikukute umeketi, maana najua ukiwa na jembe mkononi husomi kitu. Mimi ni mzima. Joto la huku ni lilelile, nimeshalizoea. Mama mguu unaendeleaje? Na ile migomba ya upande wa bondeni imepona mnyauko, au mmeing'oa?

Utauliza kwa nini naandika na simu ipo. Shangazi, simu yako haijui siri. Ukiipokea unaweka sauti kubwa, na nyumba yako na ya Baba zinatenganishwa na safu moja ya mibuni. Mara ya mwisho nilikuwa nakueleza habari za kazi, nikasikia mtu akikohoa. Nikajua ni yeye. Wewe ukaanza kuniuliza bei ya mchele Unguja. Basi afadhali nikuandikie, barua ipande basi ije polepole, ila ifike kwako peke yako.

Habari yenyewe ni hii: nimepata kibali changu mwenyewe cha kutembeza wageni. Sifuati tena nyuma ya mtembezaji mwingine nikibeba chupa za maji. Hoteli zinaniita kwa jina. Wengi wananitaka siku yao ya mwisho. Wanakuwa wameshaoga bahari mpaka ngozi zimebabuka, ndipo wanakumbuka kwamba walikuja mahali penye watu na mambo yaliyotokea. Hapo nakabidhiwa mgeni mmoja au wawili, nakuwa nao tangu asubuhi mpaka wapande boti. Wananiuliza, nawajibu. Wengine hulia tukifika kwenye vyumba walimofungiwa watumwa, nami nasimama kando nawaacha walie.

Shangazi, naipenda kazi hii kuliko nilivyowahi kupenda kitu chochote. Lakini tangu niache ualimu Baba hajaniuliza hata siku moja kwamba ninafanya nini. Yeye, mwalimu mwenyewe, ndiye aliyenipeleka chuo, alibeba sanduku langu kichwani mpaka barabarani, sijasahau. Ila sikuiba, sikuua mtu. Nataka ajue kwamba mwanaye ni hodari katika jambo fulani hapa duniani. Unaweza kumwambia kwa namna unayoijua wewe?

Msalimie Mama. Mwambie nakula vizuri.

Mwanao,
Kemirembe


Nyaishozi, 28 Mei 2024

Mwanangu Kemirembe,

Marahaba, marahaba tena. Barua yako imefika ikiwa imekunjwa kama chapati, kondakta aliikalia. Sisi wazima. Mama yako mguu umepungua kuuma ila hataki kupumzika, yuko kwenye kahawa tangu asubuhi, mwaka huu mibuni imebeba mpaka matawi yanainama. Migomba ya bondeni tuliing'oa yote. Baba yako alisimama pale siku nzima kama mtu aliyefiwa, kesho yake akaanza kuchimba mashimo mapya. Ndivyo alivyo. Haongei, anachimba.

Kibali chako nimekifurahia. Nimekipigia vigelegele peke yangu jikoni, kuku wakakimbia.

Kuhusu kumwambia. Mwanangu, kaka yangu Methodius ukimwambia jambo mbele ya uso, anageuka. Nilijaribu. Nilimwambia, "Kemirembe amepata kibali." Akasema, "Kibali cha nini?" Nikamwambia, "Cha kutembeza watu." Akasema, "Watu wazima wanatembezwa?" Akachukua kofia akaenda kanisani, na siku ile hakukuwa na ibada.

Hapa watu hawajui uko wapi. Wakimuuliza anasema, "Yuko mbali." Basi wengine wanasema Dodoma, wengine wanasema umeolewa Kenya. Mimi nimekatazwa kuongeza neno.

Walimu wastaafu wa wilaya wana safari yao mwezi wa nane. Wamekuwa wakichanga tangu mwaka juzi. Wanakwenda sijui wapi. Mama yako amekataa kuandamana nao kwa sababu anaogopa maji. Nakwambia tu habari za nyumbani.

Hivi hoteli inayokuita sana inaitwaje? Nauliza tu.

Shangazi yako,
Sperancia


Unguja, 19 Agosti 2024

Shikamoo Shangazi,

Natumaini Mama na ninyi nyote hamjambo. Safari hii nisamehe, salamu zangu ni fupi, nina jambo limenikaa kifuani.

Ulijua. Ulijua, na hukuniambia, hata nilipokutumia jina la hoteli kwa ujumbe.

Jumamosi asubuhi nilipigiwa simu kutoka mapokezi ya hoteli. Yule dada akaniambia, "Kuna mzee mmoja anaondoka leo na boti ya jioni. Wenzake wamekwenda ufukweni, yeye hataki. Anataka mtembezaji wa peke yake, na amesema awe Kemirembe, mwingine hamtaki." Nikadhani ni mgeni aliyeelekezwa na mgeni. Nikavaa sare yangu, kofia yangu ya ukili na miwani ya jua, nikaenda.

Nikamkuta Baba ameketi kwenye kiti cha pale mlangoni. Amevaa lile koti lake la kijivu la Pasaka, ameshika kofia magotini, viatu vinang'aa.

"Shikamoo Baba."

"Marahaba. Wewe ndiye mtembezaji?"

"Ndiye mimi, Baba."

"Basi leo mimi ni mgeni wako. Nimelipa pale kama wageni wengine. Unitembeze kama unavyowatembeza wao, usipunguze wala usiongeze. Na usiniite Baba."

"Sasa nikuiteje?"

"Wageni wako unawaitaje?"

"Kwa majina yao."

"Mimi naitwa Methodius."

Ulimi ulikataa. Nitamwitaje baba yangu kwa jina kama mtoto mwenzangu? Tukakubaliana nimwite Mwalimu.

Tukaanza. Nilimpitisha sokoni kwanza, kwa wauza samaki, nikamweleza nani anauza nini na bidhaa zinatoka wapi. Nikamwingiza kwenye vichochoro. Milango ile ya nakshi aliipapasa kwa kiganja, kama anavyopapasa ubao akitaka kujua umekauka. Aliuliza maswali, Shangazi! Wageni wangu wote hawajawahi kuniuliza hivyo. Nani alichonga? Alilipwa au alikuwa mtumwa? Mwenye nyumba alikuwa anafanya biashara gani? Pale nilipokuwa sijui nilimwambia sijui. Akatikisa kichwa, akaendelea kutembea. Sikuelewa kama nimefaulu au nimeanguka.

Tukafika kwenye kanisa lililojengwa palipokuwa soko la watumwa. Kule chini kwenye vyumba dari ni fupi, hata mimi nainama. Goti lake unalijua. Nikampa mkono akaushika, akashuka ngazi moja moja. Ndani tulikuwa wawili tu. Nikamweleza watu walivyolazwa mle, mmoja juu ya mwenzake, bila dirisha. Kisha nikasema lile ninalowaambia wageni wangu wote, kwamba mimi natoka mbali sana na bahari, lakini wafanyabiashara waliotoka pwani hii walitembea miezi mpaka kwetu Karagwe, wakaweka kambi yao Kafuro, karibu na kwa mfalme wetu, Mukama Rumanyika. Walileta vitambaa na shanga, wakataka pembe za ndovu. Kwa hiyo, nikasema, nikisimama hapa sisimulii habari za watu wengine.

Halafu akauliza, sauti chini:

"Hayo ya Kafuro umefundishwa na nani?"

"Nilifundishwa darasa la sita, shule ya msingi Rugu."

"Na mwalimu gani?"

"Mgeni wangu anamjua," nikamwambia.

Akavua miwani akaifuta kwa tai. Mle ndani hamkuwa na vumbi.

Hapo nilikuwa na furaha ambayo siwezi kuiandika. Sasa sikiliza kilichofuata. Tulipotoka nje, bado nimemshika mkono kwa sababu ya goti, tukakutana uso kwa uso na Cassian. Yule Mhaya wa Bukoba mwenye duka la mabati hapo Nyaishozi, anayekaa benchi la mbele kanisani. Alikuwa na wafanyabiashara wenzake wanne.

"Mwalimu Methodius! Hata wewe uko huku?" akasema. Kisha akanitazama, akautazama mkono. Hakunijua. Aliniona mwisho nikiwa mtoto wa shule, na sasa nimevaa kofia na miwani. "Na huyu?"

Shangazi, nilisubiri. Nilisimama wima kabisa nikisubiri.

"Mtembezaji wangu," Baba akasema.

"Basi tuazime kidogo. Wetu ametuacha hapa, hatujui pa kwenda."

"Hapana," Baba akasema. "Leo ni wangu peke yangu."

Akanivuta tukaondoka. Hakusema "mwanangu." Neno moja tu, na hakulisema.

Siku iliyobaki niliifanya kama kazi. Nilimpeleka kila mahali, sikupunguza wala sikuongeza. Bandarini nikamwambia, "Tumemaliza. Sasa naweza kukuita Baba?" Akanipa mkono, akatazama pembeni. "Boti inaondoka," akasema. "Asante, mtembezaji." Akaingia ndani na walimu wenzake, hakugeuka.

Niambie ukweli. Ananionea haya? Alikuja kote huku kuhakikisha tu kwamba alikuwa sahihi?

Kemirembe


Nyaishozi, 2 Oktoba 2024

Mwanangu Kemirembe,

Nimechelewa kujibu kwa sababu kila nikishika kalamu mambo yanabadilika. Mama yako anakusalimia, amekuwekea kahawa ya kutafuna, ataituma na mtu. Mvua zimeanza vizuri, maharage tumeshapanda.

Nani alimwambia baba yako jina la hoteli? Sitalijibu swali ambalo hukuniuliza.

Sasa hapa kuna moto. Cassian alirudi kabla ya walimu kumaliza kupumzika. Alisema dukani, dukani wakasema sokoni, sokoni wakaleta kanisani. Kwamba Mwalimu Methodius, mzee wa kanisa, mfundisha kwaya, ameonekana visiwani ameshikana mikono na msichana mwenye miwani nyeusi, na alipoombwa amshirikishe na wenzake akasema, "Ni wangu peke yangu." Maneno yenyewe hayakuongezwa chumvi, ndiyo ubaya wake!

Akina mama wa maombi ya Jumatano wananyamaza nikiingia. Mackrine, jirani yetu, alikuja kumpa pole mama yako. Alikuja na papai. Mama yako alilipokea, akamsindikiza mpaka njiani, akarudi akajifungia chumbani. Nikakimbia nikidhani analia. Nikamkuta ameziba mdomo kwa kanga anacheka mpaka machozi. Baba yako alimweleza yote usiku ule aliorudi. Kwa hiyo nyumba hii yote inajua msichana ni nani.

Nikamwendea kaka yangu. Nikamwambia, "Methodius, sema neno moja tu, uvumi ufe." Akasema, "Sperancia, funga mdomo." Nikamwambia, "Nikienda mimi kusema?" Akasema, "Ukisema, sitakusamehe mpaka nife." Hivyo ndivyo alivyosema, na jicho lake lilikuwa kali. Baraza la wazee limemwita ajieleze. Amewaambia wasubiri.

Kwa nini, mwanangu, mimi sijui. Nimeishi naye tangu tumbo la mama yetu halijapoa, na sijui.

Usikate tamaa kwanza.

Sperancia


Unguja, 21 Oktoba 2024

Shikamoo Shangazi,

Wasalimie wote.

Nimeelewa. Mtu anakubali asemwe vibaya kanisa zima, mtu ambaye jina lake ndilo mali yake, kuliko kutamka kwamba mtembezaji ni binti yake. Hakuna jibu lililo wazi kuliko hilo.

Sitakuja Krismasi. Mwambie Mama nina wageni, na ni kweli. Wiki iliyopita nilimtembeza mama mmoja kutoka Ghana na mwanaye. Tulipoagana alinishika mabega akaniambia amezunguka nchi nyingi lakini hajasimuliwa hivi. Nilirudi nyumbani kichwa juu. Mimi kazi yangu naijua, Shangazi. Kama hakuna wa kwetu wa kunijivunia, nitajivunia mwenyewe.

Kahawa imefika. Asante.

Kemirembe


Nyaishozi, 26 Novemba 2024

Mwanangu Kemirembe, mwanangu kabisa,

Kaa chini. Hata kama umekaa, kaa tena. Salamu utazikuta mwisho wa barua. Senene wameanza kuanguka, nimekukaangia kopo zima, lakini hilo nalo litangoja.

Juzi ilikuwa Jumapili ya mavuno. Kanisa lilijaa mpaka watu wakasimama nje madirishani, kwaya ya Kiruruma ilialikwa, mikungu ya ndizi imepangwa mpaka madhabahuni. Baba yako alikuwa amewaambia wazee hivi: "Maneno yalisemwa kanisani, nami nitajibu kanisani." Mchungaji akampa nafasi baada ya matangazo. Akasema, "Mwalimu, kwa kifupi." Mama wee! Angejua.

Baba yako akasimama, amevaa lile koti la kijivu. Hakushika karatasi. Cassian yuko benchi la mbele, mikono amekunja.

Akasema, "Nimeulizwa siku yangu ya mwisho kule kisiwani niliimalizaje. Nitawaeleza." Akaanza. Kemirembe, alitutembeza! Alianzia sokoni kwa wauza samaki. Akatupitisha vichochoroni, akaeleza milango na nani aliichonga. Kila mara anasema, "Hapa mtembezaji wangu akaniambia hivi," au, "Swali hili nilimuuliza, akasema hajui, na mimi nikampenda kwa kusema hajui, maana nimefundisha na watu wengi ambao hawakuliweza neno hilo." Mchungaji alitazama saa mara ya kwanza, mara ya pili akaacha.

Akatushusha kwenye vile vyumba vya chini. Akatuinamisha. Nakwambia niliona watu wameinama kweli kwenye mabenchi. Halafu akasema habari ya Kafuro, akasema, "Mtembezaji wangu aliwaambia watu wa dunia nzima, siyo mimi tu, kwamba Karagwe ipo, na kwamba habari ile ni yetu pia. Nimefundisha habari hiyo miaka yote pale Rugu, wanafunzi wakisinzia. Huyu hakusinzia. Aliibeba mpaka baharini."

Akakohoa, kile kikohozi chake unachokijua.

Kisha akageuka akamtazama Cassian. "Ndugu Cassian, uliniuliza ni nani. Nilikujibu kazi yake kwanza. Ningekwambia siku ile ni mwanangu, ungerudi hapa ukasema, 'Nimemwona mtoto wa Mwalimu anatembeza watu,' na mngenionea huruma. Au mimi ningewasimulia haya, mngesema baba anamsifia mwanaye. Nimesemwa miezi mitatu nikanyamaza, kwa sababu nilitaka muisikie kazi yake kabla hamjalijua jina lake. Mmeisikia?"

Kanisa likaitika, "Tumeisikia!"

"Ni nzuri au mbaya?"

"Nzuri!"

"Basi aliyeifanya anaitwa Kemirembe, binti wa Methodius na Benadeta, wa hapahapa Nyaishozi. Wala sikumwazima mtu, na sitamwazima."

Akakaa.

Vigelegele vya siku ile, mwanangu, Mackrine ndiye aliyeanza, na mimi nikamalizia. Kwaya ya Kiruruma ikashika wimbo bila kuambiwa. Mama yako hakucheka safari hii. Alisimama akajitanda kanga yake, akavuka upande wa wanaume mbele ya watu wote, akaketi karibu na mumewe. Cassian alikuja nje kumpa mkono. Akasema, "Mwalimu, nisamehe. Ila na mimi nataka nitembezwe." Baba yako akamwambia, "Mwandikie. Ana wageni wengi."

Nilipokuwa naye njiani nikamwuliza la bandarini, maana barua yako nimeitunza moyoni. Nikamwambia, "Mtoto alikuuliza kama akuite Baba, ukamwambia boti inaondoka. Kwa nini?" Alitembea hatua kadhaa. Akasema, "Walimu wote walikuwa wanatazama. Ningefungua mdomo ningelia kama mtoto, Sperancia. Nikaingia ndani nikaomba wanipishe dirishani."

Nimeyaandika kama alivyoyasema. Mengine muulize mwenyewe.

Sisi wazima. Maharage ni mazuri. Mguu wa mama yako umepona.

Shangazi yako mwenye furaha,
Sperancia


Unguja, 12 Desemba 2024

Shikamoo Shangazi,

Niliisoma barua yako nimekaa kwenye baraza ya duka la vitambaa, nikisubiri mgeni. Mgeni alipofika alinikuta nalia, akataka kuahirisha. Nikamwambia hapana, hizi ni habari njema kutoka nyumbani, twende. Sijawahi kutembeza mtu vizuri kama nilivyomtembeza yule.

Jana nilimpigia Baba. Nilitegemea aseme, "Ngoja nikupe mama yako," kama siku zote. Akaniuliza nimekula nini. Nikamwambia. Akaniuliza wageni wa leo wametoka wapi. Nikamwambia Ureno, mtu na mkewe, wazee. Akauliza wamependa nini zaidi, wameuliza nini, nimewajibu nini. Tukaongea mpaka salio langu likaisha, akanipigia yeye, la kwake nalo likaisha. Ya kanisani hakuyataja, nami sikumwuliza.

Nimekata tiketi ya basi. Nitafika tarehe ishirini na tatu na nitakaa mpaka baada ya mwaka mpya. Senene usitume, nitawala hukohuko.

Cassian ameandika. Anakuja Februari na mkewe na watoto, na ameomba siku ya mwisho. Nimemjibu kwamba nafasi ipo.

Binti wa Methodius na Benadeta, na wako,
Kemirembe